Siku Niliyoshinda Ubishi wa Roki

Mimi na mdogo wangu tulianza kubishana kuhusu roki tukiwa bado tunalala kitanda kimoja, na chanzo ni kaseti. Marehemu baba alikuwa fundi wa injini kwenye meli za ziwani, na akitoka safari alirudi na kaseti za wazungu waliopiga magitaa kama watu wanaogombana nayo. Kaseti zenyewe hazikuwa na majalada, kwa hiyo hatukujua nani ni nani, tulizijua sauti tu. Tukawa tunahukumu: huyu roki, huyu si roki, huyu alikuwa roki lakini inaonekana ameoa.

Tumekua na hatukuacha. Mimi nina biashara ya kukodisha muziki Igoma, maana yake spika, vipaza sauti, jenereta na pikapu ya kubebea. Yeye ni fundi wa redio, karakana yake iko jirani yangu, na spika zangu zikianza kukoroma ndiye anayezitibu. Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, tulikuwa tumeshagombana. Msimamo wangu ulikuwa mfupi: roki ni gitaa la umeme, ngoma nzito na sauti ya kutikisa kifua, na asiyenitikisa kifua aende kwaya. Yeye alisema roki ni mtu anayepiga bila kujali kama kuna anayemsikiliza. Kwa kipimo hicho alimwingiza kwenye roki mzee aliyekuwa akipiga zeze mnadani katikati ya ng'ombe, na wacheza ngoma wetu wa Kisukuma wanaocheza na nyoka.

"Mtu kajiviringishia chatu shingoni, dada. Unataka afanye nini tena ndiyo awe roki?"

"Zeze ni zeze na ngoma ni ngoma. Acha kuchanganya mambo."

"Na wewe na maspika yako ni debe tupu, haliachi kuvuma."

Wateja walidhani tunachukiana. Wengine walijaribu kutupatanisha, tukawageukia wao.

Mwaka jana, baada ya mavuno, tulikwenda kwa mama yetu, huko Usagara, kwenye kipaimara cha mtoto wa binamu yetu. Nilipeleka spika zangu, na mdogo wangu alipeleka gitaa lake pamoja na amplifaya aliyoiunda mwenyewe ndani ya kasha la redio ya zamani. Watu walipokwisha kula tukaanza ubishi wetu. Baba mdogo, ambaye ujanani alikuwa mchezaji wa ngoma za mashindano, alitusikiliza mpaka akachoka.

"Ninyi mnabishana kwa mdomo kama mawakili," alisema. "Sisi kwenye ngoma hatukubishana. Huyu anapiga huku, yule anapiga kule, uwanja mmoja, wakati mmoja. Watu wakienda kwako, umeshinda. Basi."

Ndivyo Wasukuma walivyoamua mambo hayo tangu zamani. Hakuna refa wala alama. Kila upande hufanya lolote unalolijua ili kuvuta watu, na miguu ya watu ndiyo inayohukumu. Wote uani wakashangilia. Mdogo wangu akanivuta pembeni.

"Dada, nina wimbo wangu. Nimeutunga mwenyewe. Nitauimba leo."

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo, wimbo wangu. Miaka yote amekuwa akitengeneza vyombo vya wenzake. Nilimwambia aende akajiandae, na nikamtania kwamba ataimba mbele ya viti vitupu. Alicheka.

Yeye alikaa upande wa jiko, mimi upande wa barabara na pikapu yangu. Niliweka roki yangu, ile yenyewe, ya kifua. Vijana wachache walikuja wakatikisa vichwa. Yeye alianza na gitaa tu, bila kuimba, taratibu. Kwanza wakaenda akina mama waliokuwa wanaosha vyombo. Wakafuata vijana wa kwaya. Halafu nikamwona dereva wangu mwenyewe, mtu ninayemlisha, anavuka uwanja na soda yake mkononi.

Hasira zangu hazijui kusubiri. Nilichomoa flashi ya roki nikaweka singeli. Singeli! Muziki wa mbio wa vijana wa mjini, ambao mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, nimesema siku zote kwamba hata mlangoni pa roki haufiki. Nikapandisha sauti mpaka mabati ya jiko yakalia. Wimbo wa kwanza haujafika katikati, uwanja ulikuwa wangu. Watoto walikuja mbio, akina mama wakajifunga kanga viunoni, na dereva naye akarudi bila aibu.

Ilikuwa ndiyo kwanza mdogo wangu ameanza kuimba. Nilikiona kinywa chake kikifunguka na kufumbika, nisisikie neno. Alikuwa amebaki na mama peke yake. Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki, ameinama mbele, kaweka kiganja nyuma ya sikio. Yule aliyeniambia roki ni kutojali kama unasikilizwa, nilimwona akitutazama sisi wote tuliokuwa upande huu, na alijali. Alijali sana. Nililiona hilo, sitasema sikuliona.

Mama aliinuka akavuka uwanja, akapenya kati ya wanaocheza mpaka akanifikia.

"Umeshinda, mwanangu. Sasa zima, tumsikie mwenzako."

"Huu uishe kwanza, mama."

Ulipoisha, nikaweka mwingine.

Hapo ndipo panaponikaba. Kumshinda ningejisamehe, kwani kwa sheria ya baba mdogo kila mtu hufanya analolijua. Lakini nilikuwa nimeshashinda, mama amekuja kuniomba kwa upole, na mkono wangu ukakataa kwa sababu watu walikuwa wananipigia makofi. Nilipozima, mdogo wangu alikuwa ameshakunja waya zake na anasaidia kubeba masufuria. Akanipa mkono. "Hongera, dada." Angenitukana ningepona.

Baada ya wiki chache nilikwenda karakanani kwake na maandazi, nikamwomba aniimbie ule wimbo.

"Upi?"

"Ule wa Usagara."

"Aa, ule. Haukuwa wimbo, dada. Nilikuwa najaribu tu."

Nikamwambia anisamehe. Akaacha kuchomelea, akanitazama kwa mshangao wa kweli, au aliouigiza vizuri. "Nikusamehe nini? Si ulifuata alivyosema baba mdogo?" Akala andazi, akarudi kwenye kazi yake. Gitaa halijavunjwa wala kuuzwa. Liko juu ya kabati lake, na mkewe amelifunika kanga lisipate vumbi.

Nilimwendea mama, maana siku ile alikaa karibu na mdogo wangu kuliko mtu yeyote. Nikamuuliza ni nini mwenzangu alichoimba. Mama alifikiri sana.

"Nilishika neno moja tu, neno 'baba'. Mengine yalimezwa na spika zako."

Sijui kama alikuwa anamwimbia baba yetu au anamwomba Mungu. Nikiwa peke yangu dukani huwa najaribu kulizungushia maneno mengine neno hilo, na hakuna ninalolipata.

Juzi tulikuwa tunarudi kutoka kazini Sengerema, mimi nikiendesha, yeye pembeni. Tulikuwa juu ya daraja la Kigongo, mchana, ziwa limetulia pande zote mbili. Redioni likapita tangazo la sabuni, sauti ya mtoto na kinanda cha kompyuta. Nikaona hapa ndipo, hapa hawezi kunyamaza.

"Unasikia?" nikamwambia. "Hiyo ndiyo roki ya kweli."

Alikuwa anatazama maji.

"Ni roki, dada," alisema.

Nikapandisha sauti yangu, nikaanza kujibishia mwenyewe. Nikasema hapana, nimekosea, tangazo la sabuni litakuwaje roki, mtu mwenye akili zake hawezi kusema hivyo.

"Kweli," akasema. "Si roki."