Babu Aliyekufa kwa Kushiba

Mimi ni mtu wa karatasi. Nina kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi pale Kambarage, mjini Shinyanga, na kazi hiyo imenifundisha kuamini kitu chochote chenye wino na muhuri. Mtu akinieleza jambo kwa mdomo, namsikiliza kwa adabu tu. Akinionyesha karatasi, nimekwisha. Ugonjwa huu ndio ulioniponza nilipotumwa kulitafuta kaburi la babu.

Aliyenituma ni mama. Anaishi kwangu, na macho yake yalikuwa yanakwisha. Daktari alisema la kushoto limeshakufa na la kulia halina muda mrefu. Mama alifika nyumbani, akavua viatu, akasema, "Nataka kuliona kaburi la baba yangu nikiwa bado na hili jicho moja."

Baba yake alifariki huko Bukombe mama akiwa na miaka mitano. Siku ile ile shangazi yake alimbeba mgongoni akamleta Shinyanga, eti asije akaona maiti akaota ndoto mbaya. Hakumzika baba yake, hakumlilia, hakurudi. Alichokijua ni kwamba kaburi liko kwenye makaburi ya parokia na kwamba lilikuwa na msalaba wa mti. Na misalaba ya mti tunajua inaishia wapi: tumboni mwa mchwa.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Parokia ina daftari la wafu, na daftari ni karatasi, na karatasi ni mimi.

Nilipanda basi hadi Runzewe, huko Bukombe, nikamalizia na bodaboda. Katibu wa parokia, mama mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinitolea daftari lililokuwa likinuka mavi ya popo. Tukafunua, tukapiga chafya, tukafunua tena. Jina la babu likatokea, kwa mwandiko mzuri kabisa wa katekista wa wakati huo. Sababu ya kifo: kushiba. Wajane: wanne. Mahali alipozikwa: safu ya mwisho, ng'ambo ya mfereji, miguu ikielekea jiko la mapadri, kwa ombi lake mwenyewe.

Mtu mwenye akili timamu angeuliza swali. Mimi niliomba nakala, kisha nikaomba igongwe muhuri.

Ng'ambo ya mfereji sikukuta makaburi, nilikuta shamba la mihogo. Nikaazima kipande cha nondo nikaanza kudungadunga ardhi, nikitafuta mawe ya kaburi. Sasa, eneo lile lina machimbo ya dhahabu kila upande, na mtu akionekana anadunga ardhi kwa chuma, hakuna anayefikiri kwamba anatafuta babu. Haikupita nusu saa wakafika vijana watatu na sururu zao.

"Shikamoo mama. Mwamba umeushika?"

"Marahaba. Natafuta marehemu."

Wakakonyezana. "Sawa mama, ficha tu. Lakini kwenye mgao utukumbuke."

Kabla sijawajibu walikuwa wameshapima duara la kwanza la kuchimba katikati ya mihogo. Mpishi wa mapadri akatoka na mwiko, akatufukuza wote wanne bila kubagua. Nilikimbia na nondo ya watu mkononi.

Nyumbani nilimsomea mama nakala yangu kwa sauti, kama nasoma waraka wa askofu. Nilipofika kwenye wajane alinikatiza.

"Wanne?"

"Wanne, mama. Imeandikwa."

"Mama yangu alifunga ndoa kanisani. Alinifuata huku Shinyanga, amekaa mjane mpaka anakufa, analima peke yake. Hao watatu walikuwa wanalima wapi?"

"Mama, kuna muhuri."

Akaweka kijiko chini, akaingia chumbani. Siku mbili hakula na sisi. Siku ya tatu akatangaza kwamba safari imekufa, kwamba mwanamume aliyemdanganya mama yake hawezi kwenda kumpigia magoti. Roho iliniuma, lakini naona aibu kusema kwamba ilikuwa imeniuma tu, haikuwa imenifungua macho. Nilikuwa nimeshatandika manila sakafuni nachora ukoo wetu, na bibi zangu watatu wapya nilikuwa nimewaachia nafasi za picha.

Mama aliniona. Akasimama mlangoni, akaniuliza kwa hasira, "Na nani alimpelekea katekista hizo habari?"

Kweli, mwisho wa mstari kulikuwa na jina la mtoa taarifa. Nikamsomea. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Mama akashika fremu ya mlango, akaanza kucheka, akacheka mpaka kitenge kikamdondoka.

"Mjinga wewe! Hilo jina ni la watani wetu. Huyo ni mtani!"

Hapo ndipo nilipotamani ardhi ipasuke. Kwetu mtu akifa, ukoo wa watani wake ndio unaoshika msiba. Wafiwa wanalia, watani wanachimba kaburi, wanapika, wanatumwa huku na huku, na katika kazi zote hizo wanamtukana marehemu. Wanaiga alivyotembea. Mmoja anajilaza kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe kuku. Kila mtu anajua. Mzee huyo mtani alitumwa parokiani kupeleka taarifa za kifo, naye akazipeleka kiutani. Katekista alikuwa mgeni kutoka mbali, akaandika yote kwa uaminifu. Yeye ana udhuru wa ugeni. Mimi nimezaliwa humu humu.

Tukaenda wote wawili. Katibu alilitambua lile jina mara moja: mzee mwenyewe alishafariki, ila binti yake anaishi nyuma ya shule. Tulimkuta uani anachambua maharage, bibi wa makamo ya mama.

"Mwangaluka, mayu," mama alimsalimia kwa Kisukuma, akajitambulisha ni binti wa nani.

Bibi alimtazama kuanzia kilemba hadi ndala. "Binti wa yule mlafi? Umekuja kuangalia kama tumemwachia chakula?"

Mama yangu, kiongozi wa jumuiya, mtu asiyepandisha sauti hata kwa mbuzi, akajibu, "Nimekuja kumtafuta mwongo aliyezaa nyani kama wewe."

Wakakumbatiana mpaka maharage yakamwagika.

Alitupeleka safu ya kwanza kabisa, siyo ya mwisho. Palikuwa na makaburi mawili yaliyobanana. Moja lilikuwa la saruji, lina jina la baba yake bibi, yule mtani. La pili lilikuwa limezungushiwa mawe, limepaliliwa, limefagiliwa. Hapo bibi aliacha utani. Alisema baba yake alipojua kwamba maneno yake yameandikwa kwa wino aliingiwa na hofu, akaenda kuomba yafutwe, akaambiwa daftari la kanisa halifutwi. Basi akaanza kulitunza kaburi mwenyewe. Kila mwaka, siku ya marehemu wote, alikuja na jembe. Msalaba ukiliwa na mchwa alichonga mwingine, mpaka alipochoka akaleta mawe.

"Alikuwa anasema, 'Yule mtoto aliyebebwa atarudi siku moja, na atalikosa kaburi la baba yake kwa sababu ya mdomo wangu mimi,'" bibi alisema. "Akatuagiza tumzike hapa hapa, awe alama."

Mama alipiga magoti. Aliinamisha uso karibu sana na mawe, jicho lake lile moja lipate kuona, akayagusa moja baada ya jingine. Kisha akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto wa miaka mitano. Nikaenda kumshika, lakini bibi akanisukuma pembeni, akapiga magoti naye, akaanza kumwiga. Sauti ile ile, kupenga kule kule. "Baba weee! Wali umemwachia nani!"

Mama alimtazama, akataka kukasirika, akashindwa, akacheka na kamasi zake. Akalia tena. Bibi akamwiga tena.

Zaidi ya miaka sitini mama alikuwa hajapata msiba wa baba yake. Siku ile aliupata, mzima, pamoja na mtani wake. Nikakaa kwenye majani nikaanza kulia na mimi, na nilipotoa sauti ya kwanza tu, yule bibi akanigeukia.