Tanga Lenye Bitana

Mwanahawa wa Kasulu ni fundi cherehani, na ni mtu wa kuuliza. Ukimwambia kuku katotoa, atataka kujua vifaranga wangapi na jogoo ni wa nani. Mwaka 2014, kila siku ya gulio, alikuwa akipakia cherehani kwenye bodaboda kwenda kushonea watu kwenye soko la pamoja, nje ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Huko ndiko alikomjua Rigobert, Mkongo muuza dagaa aliyeishi peke yake kambini. Siku moja Rigobert akamwambia kwamba yeye na ndugu zake walivuka Ziwa Tanganyika usiku, bila injini.

"Mlivukaje sasa?"

"Tanga tu, mama. Kitambaa. Upepo inakamata, bwato inaenda."

Mwanahawa kashika vitambaa tangu utotoni, hajaona hata kimoja kikivuta mzigo. "Kaka, unatufunga kamba, huo ni uongo," akasema mbele za watu, na watu wakacheka. Rigobert akafunika dagaa wake. Tangu hapo soko zima likawa linamwita Bila Injini.

Jina lile likamkera Mwanahawa, maana kejeli yake ndiyo iliyolianzisha. Na halafu alitaka kujua, jamani. Akamwomba amwonyeshe. Rigobert akachonga mtumbwi wa urefu wa mkono, Cadet, Mkongo mwenzake, akachonga wake, wakapatana kuishindanisha jioni baada ya soko, kwenye shimo la zamani la wafyatua tofali lililojaa maji ya mvua. Cadet alitumia mfuko wa rambo kuwa tanga. La Rigobert, Mwanahawa akasema atalishona yeye.

Na alilishona haswa. Tetroni nyeupe, pindo jembamba, na ndani akatia bitana, kwa sababu kazi isiyo na bitana haijawahi kutoka mkononi mwake. Rigobert alilipima uzito kiganjani, akataka kusema neno, akaona jinsi fundi alivyojivunia, akashukuru tu.

Jioni ikaja na upepo hafifu, wa kuombwa. Mtumbwi wa Cadet ulijivuta kidogo, ukageuka, ukanasa kwenye majani. Wa Rigobert haukutikisika kabisa. Mashindano gani hayo, hata mshindi hakuna. Watu wakaondoka wakicheka, "Bila Injini, lala salama."

Rigobert akavua viatu, akaingia akautoa mtumbwi wake majini. "Bon. Waache waseme."

"Ngoja kwanza," Mwanahawa akasema. "Rambo lilikuwa linachezacheza. Langu mbona lilining'inia tu?"

"Iko nzito, mama. Niliona. Niliogopa kukuvunja roho."

Mwanahawa aliona aibu. Akakaa chini pale pale ukingoni, akatoa wembe kwenye pochi, akafumua bitana yote. Kisha akaingia majini mwenyewe, gauni likalowa hadi magotini, akauweka mtumbwi.

Upepo ulikuwa ule ule. Tanga likasita, likatuna, na mtumbwi ukaondoka taratibu bila kuguswa na mtu.

"Kumbe ulisema kweli," akamwambia, na furaha ilimjaa. Hapo hapo swali likamjia: usiku ule mlikuwa wangapi? Akageuka amuulize. Rigobert alikuwa anauangalia mtumbwi ukikaribia ng'ambo, akinong'ona majina ya ndugu zake, moja baada ya jingine.

Mwanahawa hakuuliza.