Sauti Niliyoambiwa Nisiifute

Haya ninayokueleza yalinipata mimi mwenyewe, mchana, tena nikiwa kazini. Sikuwa nimekunywa kitu ila chai. Ukitaka kucheka, cheka, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Mimi ni fundi wa kompyuta, na huwafuata wateja nyumbani kwao. Siku hiyo niliitwa Nyamasaria kwa Mama Adhiambo, mama wa makamo asiyeona. Kompyuta yake humsomea kwa sauti kila kilichoandikwa: habari, jumbe za watoto, matangazo ya kanisa. Ilikuwa ya mtumba kutoka ng'ambo, na mwenyewe wa kwanza alikuwa ameijaza lugha za dunia nzima. Inaanza habari kwa Kiswahili, katikati inarukia Kireno, inamalizia kwa lugha ambayo hata sijui ni ya nani. Tena ilikuwa nzito kama nini!

Binti yake, Adhiambo, alinipigia simu kutoka Nairobi. "Fundi, futa hizo sauti zote, bakisha ya Kiswahili pekee. Mama siku hizi hata haigusi. Akiendelea hivyo nitakuja niichukue."

Nilifika mvua ikianza. Mama alikaa dirishani akichambua maharagwe kwa vidole, haongei sana. Nami nikaketi mezani, nikafungua orodha ya sauti. Kila moja naijaribu kwanza kwa sauti ya chini, inasoma "Karibu Nyamasaria," kisha naifuta pamoja na lugha yake.

Mlango ulikuwa wazi. Akaingia mzee mmoja mrefu, mwenye sweta ya kijivu, kiwiko kimoja kina kiraka chekundu kilichoshonwa kombokombo. Nikasema, "Habari, Mzee." Akaitikia kwa kichwa, akaketi kando yangu. Nilidhani ni mwenye nyumba. Wewe ungedhani nini? Nani mwingine huingia hivyo bila hodi?

Basi tukafanya kazi. Sauti ikisoma, mzee ananong'ona, "Hiyo toa." Naitoa. "Hata hiyo." Naitoa. Tukafika kwa sauti ya mwanamume wa Kifini. Aliisoma "Nyamasaria" kama mtu anayepiga chafya huku amebanwa pua. Nikacheka, nikapeleka kidole nifute.

"Hiyo wacha," mzee akasema. "Hiyo ndiyo inamchekeshanga."

"Sawa, Mzee, nimeiwacha."

Mama akainua kichwa. "Fundi, unaongea na nani? Nilidhani uko kwa simu."

"Naongea na Mzee, Mama. Mzee wa hapa."

Niligeuka nimwonyeshe, kana kwamba angeona. Kiti kilikuwa kitupu. Sakafuni kulikuwa na tope la viatu vyangu tu, na nje mvua inamwagika.

Vidole vya Mama vilisimama ndani ya maharagwe. "Amevaa nini?"

Nikamwambia: sweta ya kijivu, kiraka chekundu.

"Hicho kiraka nilishona mimi, kwa kupapasa tu," akasema polepole. "Watu walimcheka mume wangu mpaka kanisani, akakataa kukitoa. Tulimzika na hiyo sweta, nyathina. Mwanangu, tulimzika nayo."

Niamini. Nilitaka kushika begi langu nitoke mbio. Lakini ungemwachaje mama wa watu hivyo? Akaniuliza mzee alisema nini. Nikamweleza.

"Iwashe."

Nikaiwasha. Yule Mfini akapiga chafya yake, na Mama akacheka mpaka maharagwe yakamwagika, kisha akalia. Akaniambia kwamba mumewe alikuwa akiandika majina ya mashemeji zake, anaiambia sauti hiyo iyasome, wanacheka wawili hadi chakula kinapoa. Tangu amzike hakuwa ameweza kuigusa kompyuta.

Akajifuta machozi. Kisha akauliza, "Alikaa sana?"

"Alikaa, Mama. Karibu kazi yote."

"Na hukuniambia." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Alikuwa hapo tu. Ningenyoosha mkono."

Niliinama nikaanza kuokota maharagwe sakafuni.

Sasa kompyuta anaitumia kila siku, na binti yake hajaichukua. Sauti zimebaki mbili. Mimi bado ni fundi, lakini siwezi tena kufuta sauti kabla ya kumsikilizisha mwenyewe na kumuuliza kama inamhusu. Na nikikaa mahali mlango uko wazi, shingo yangu haitulii.

Na wewe unayenisikiliza, nakuomba kitu kimoja. Ukiwa umeketi na mtu asiyeona, na mtu akaingia, mtu yeyote, mwambie ni nani. Usidhani amesikia. Usingoje aulize. Mwambie papo hapo, mgeni akiwa bado yupo.