Vigingi Vinne vya Mkaratusi

Hadi leo, moshi wa mkaratusi ukinifikia puani, nainuka natoka jikoni. Mume wangu hunicheka, eti mwanamke mzima anaogopa kuni. Nacheka naye, maana sijawahi kumweleza. Ninyi nawaeleza.

Tulikaa kwenye nyumba za wanajeshi nje kidogo ya mji wa Same, chumba na sebule kwa kila familia, na familia zenyewe hazikuwa ndogo. Basi kila mama alijiongezea alivyoweza. Jirani aliziba baraza kwa mbao. Mama yangu akaligeuza jiko la mabati la uani kuwa chumba cha Bibi, aliyeteremka kutoka Vudee, kijijini kwake milimani, akiumwa mguu. Baba alikuwa mbali kikazi. Jua likipiga yale mabati, Bibi hutoka akijipepea kwa pindo la kanga, anauliza nani kamwanika kama mahindi.

Siku moja wakaja wanaume wawili na futi kamba, wakipita uani kwa kila nyumba. Kwetu wakapigilia vigingi vinne vya mkaratusi kukizunguka chumba cha Bibi. Kwa shangazi, kule Lembeni, vilianza vigingi hivyohivyo, kisha nyumba ikabomolewa kupisha barabara.

"Shikamooni. Mnabomoa?" niliuliza.

"Marahaba. Muulize mama yako."

Mama alikuwa sokoni. Walipotokomea nikaving'oa vyote vinne, nikavichoma chini ya sufuria ya maharage. Moshi ulijaa uani. Bibi akakohoa pale alipoketi mlangoni pake.

Mafundi walipofika walijenga chumba cha matofali kila palipokuwa na vigingi. Kwetu wakapita. Mama alilalamika hadi sauti ikamkauka. Akaambiwa asubiri awamu ya pili. Mimi kimya, nikijua nikifungua mdomo nimekwisha. Masika yakaingia, mabati yakavuja, mguu wa Bibi ukazidi kuvimba. Ikabidi arudi Vudee.

Stendi alinivuta karibu, akaninong'oneza, "Nilikuona unavichoma. Nilikaa pale mlangoni nikikuangalizia, mtu asije akakukamata."

Nilimshukuru Mungu kwamba sitachapwa, basi. Nimefika umri aliokuwa nao mama yangu ndipo nikaelewa kwamba Bibi naye aliogopa, tena kunizidi. Alidhani wamekuja kumwondoa. Mama alijua habari za vile vyumba muda mrefu, ila hakuna aliyekumbuka kutuambia sisi wawili, mtoto na mzee.

Awamu ya pili ilikuja kweli. Bibi alikuwa ameshazikwa. Kikajengwa chumba kizuri, chenye dirisha na sakafu ya saruji, nikapewa mimi nilale.