Kuku Niliyemrudisha

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila kitu Dodoma kilikuwa na bei, hata fomu iliyoandikwa juu yake kwamba haiuzwi. Ofisini kwetu tu ndiko kulikokuwa na kitu cha bure, nami nilijigamba sana. Nilikuwa karani wa wakili aliyekuwa pia kamishna wa viapo. Sharti lake lilikuwa moja: kiapo cha mwanafunzi kigongwe muhuri bila malipo, na karani atakayepokea chochote afungashe virago. Tangazo nililipiga taipu mwenyewe.

Asubuhi moja akaja bibi kutoka vijiji vya Msalato, kwa miguu, kuku kwapani. Mjukuu wake wa kike alikuwa amechaguliwa sekondari, ila jina la kwenye fomu halikulingana na la cheti cha ubatizo. Bila hati ya kiapo kufikia Ijumaa, nafasi angepewa mwingine.

"Shikamoo bibi. Wakili yuko mahakamani, msubiri hapo kwenye benchi."

Akanipa kuku kwa mikono miwili. Nikamrudishia. Hakujua kusoma, basi nikamsomea tangazo kwa sauti, watu wote wakisikia. Nilikuwa na hasira na watoa rushwa wa nchi nzima, na yeye ndiye aliyekuwa mbele yangu.

"Humtaki?"

"Simtaki, bibi. Hapa ni bure."

"Haya, mwanangu. Nimesikia."

Wakili aliporudi, benchi lilikuwa tupu. Hati ilikuwa tayari, imebaki dole gumba la bibi tu. Ijumaa ikapita.

Miaka miwili baadaye nilitumwa Msalato kupeleka wito wa shauri, nikauliza kwa bibi yule. Nilimkuta mjukuu anapepeta uwele, mtoto mgongoni.

"Bibi alisema mlimkataa," akaniambia.

"Nani alimkataa? Nilimwambia ni bure!"

"Ulimrudisha kuku. Kwetu ukimrudishia mtu kuku wake, umeikataa shida yake."

Mimi ni mtu wa kuja, wa Tanga, na katika miaka yote ile sikuwahi kuuliza. Niliona aibu hadi nikashindwa kumtazama yule mtoto.

Nilipoaga, msichana akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi na kuku, akanipa kwa mikono miwili. Mgeni haondoki mikono mitupu, alisema. Nikampokea.