Ubishi wa Magitaa pale Adams Arcade

Enzi zetu ubishi ulikuwa kama sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe: uliachwa uchemke. Mtu akianzisha swali Jumatatu, tulilitafuna mpaka Ijumaa, na hakuna aliyekuwa na kidude mfukoni cha kulijibu. Swali letu kubwa, miaka ya themanini ikielekea ukingoni, lilikuwa hili: ni nani mpiga gitaa hodari kuliko wote duniani?

Tuliishi kwenye nyumba za serikali, karibu na maduka ya Adams Arcade. Baada ya shule, wasichana wakishachoka kuruka blada na wavulana wakishapokonyana bano zote, zile gololi za kioo, tulikaa kwenye ukuta mfupi kando ya maduka, tukila maembe mabichi yaliyopakwa chumvi na pilipili mpaka midomo ikawasha. Kaka yangu Musyoka, wa kidato cha pili, alikuwa mtu wa benga, muziki wa magitaa wa kwetu. Alijitengenezea gitaa la debe, nyuzi zake waya za breki za baiskeli, na sauti yake ilimfanya mama afunge madirisha. Mpinzani wake alikuwa Jaspal, Singasinga wa darasa lake aliyetoka Lavington, mtaa wa wenye pesa. Mjomba wa Jaspal alikuwa amemtumia gitaa la umeme kutoka Uingereza, pamoja na kanda za roki ambamo mpiga gitaa alipewa nafasi yake peke yake, akalia nayo weee mpaka ukasahau wimbo ulianzia wapi.

Mimi Mwende, wa darasa la sita, sikuwa na upande. Nilitaka tu kujua. Kwa nini kitu kimoja chenye nyuzi sita kiwafanye watu wawili wenye akili timamu wapige kelele hivyo?

"Wako anarudia kitu moja mpaka sindano inachoka!" Jaspal angesema.

"Na wako analia kama paka amekanyagwa mkia," Musyoka angemjibu. "Huo ni muziki ama ni ajali?"

Mama akiwasikia alitikisa kichwa. "Mnabishana juu ya ugali, na hakuna aliyewahi kuinjika sufuria."

Basi jioni moja Jaspal alizidiwa na hoja, akasema, "Enda na hiyo benga yako. Hiyo ni miziki ya askari wa geti."

Musyoka alishuka ukutani, akaondoka. Mjomba wetu Kilonzo, ndugu ya mama, aliyelala kwenye kochi letu, alikuwa askari wa geti huko huko Lavington. Jaspal hakujua. Shule zilifungwa wiki hiyo, na kaka yangu akakaa likizo bila kulitaja jina la rafiki yake. Hata gitaa la debe alilisukuma chini ya kitanda. Nyumba ilikuwa kimya, na ajabu ni kwamba mama ndiye aliyelalamika.

Siku moja mama alinipeleka River Road, katikati ya jiji, kununua bawaba za mlango wa choo. Duka tuliloingia lilikuwa la babake Jaspal, na Jaspal mwenyewe alikuwa nyuma ya kaunta. Wazee walipokuwa wakivutana kuhusu bei, nilimsogelea, nikamwambia bila kupamba, "Mjomba wetu ni askari wa geti."

Masikio yake yalibadilika rangi. Duka la santuri la jirani lilikuwa limewasha spika mlangoni, benga ikimwagika barabarani juu ya mikokoteni na wapita njia. Nikaona ni heri niulize lile lililokuwa likinisumbua.

"Kwani hapo wanapiga gitaa wangapi?"

"Mmoja," akasema. Kisha akainamisha kichwa. "Ngoja. Kuna huyo wa juu. Halafu kuna mwingine, huyu anamjibu."

"Na huyu wa chini?"

"Huyo ni wa besi." Akasikiliza hadi wimbo ukaisha. "Wanaongea," akasema polepole, kama mtu aliyefungua dirisha akakuta nje kuna bustani.

Jumamosi alikuja kwetu, gitaa lake limefungwa kwenye shuka. Musyoka alimfungulia mlango, akasimama pale pale bila kumkaribisha. Jaspal akapitisha macho juu ya bega lake, akamwona mjomba kwenye kochi akinywa chai.

"Uncle, nimekuja kuomba msamaha. Niliongea vibaya juu yako."

Mjomba alishangaa. "Mimi? Ulisema nini?"

"Nilisema benga ni miziki ya askari wa geti."

Mjomba akacheka mpaka chai ikamwagika. "Lakini ni kweli! Sisi ndio tunaipenda. Hiyo yenu nyingine, nikiisikia getini, mbwa wote wanabweka. Ingia, kijana. Musyoka, mpe mgeni kiti."

Musyoka alimpa kiti. Gitaa la umeme bila spika yake hulia kidogo tu, kama mbu, kwa hiyo sote tulijikunja kulizunguka, vichwa vikigusana. Musyoka aliimba mstari mmoja wa gitaa la benga kwa mdomo, tiriri-tiri, tiriri-tiri, na Jaspal akautafuta kwa vidole. Aliukosa. Akaukosa tena. "Huyu jamaa ana vidole vingapi?" akauliza, na kwa mara ya kwanza tangu shule kufungwa nikamwona kaka yangu akitabasamu.

Kisha Musyoka akaomba afundishwe kuvuta uzi mpaka ulie kama kwenye roki. Ulimkata kidole. Alikinyonya, akakitazama, akasema kwa taabu, "Sawa. Wenu pia ni mtu. Lakini si wa kwanza."

"Wa pili?"

"Tutaona."

Hawakukubaliana kamwe. Miaka ya tisini ilipofika katikati, familia ya Jaspal ilihamia Kanada. Musyoka sasa ni mwalimu Machakos, mwenye mvi, na hupiga gitaa la kweli kanisani. Jaspal akipiga simu kutoka kwenye theluji yake, hawaulizani habari za afya. Wanaanza pale walipoachia.

Juzi nilimuuliza binti yangu swali lile lile, nikitarajia tukeshe nalo. Alibonyeza simu, akanisomea jina, akarudi kwenye vibonzo vyake. Jibu lilipatikana kabla chai yangu haijapoa. Nikamuuliza kama amewahi kumsikia huyo mtu akipiga.

"Hapana, Mum. Lakini ni number one."

Nilimtazama amejikunja peke yake kwenye kochi, vipokea sauti masikioni, na kando yake nafasi tupu ambayo enzi zetu wangekaa watoto wanne, wote wakiongea kwa pamoja.