Chumba Alichokaribishwa Shangazi

Shangazi yangu hakuwahi kusema "chumba changu." Miaka yote aliyokaa kwenye nyumba ya wakfu pale Gongoni, ukimuuliza analala wapi atakwambia, "Kwenye chumba nilichokaribishwa." Wenzake nao vivyo hivyo. Walikuwa wanawake watano, wajane na walioachika, wasio na mtoto wa kuwasitiri, na huo ndio ulikuwa ustaarabu wa nyumba ile. Mgeni akiteleza akasema "kwangu," wenyeji wake walikohoa. Si kwa ukali. Walikohoa tu mpaka ajirekebishe.

Mimi nilikuwa nawacheka. Ni fundi cherehani, nakaa barazani kutwa, na mdomo wangu haujawahi kwenda likizo. "Shangazi," namwambia, "na hiyo sufuria nayo umekaribishwa?" Naye bila kugeuka, "Sufuria ni yangu, na huo ujuba ni wako. Lete kuni hapa."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya zamani, ya wale watu waliokuja Tabora na misafara wakaoa, wakabaki. Kuta nene za udongo, mlango wa mbele mzito wa mninga, na nyuma ua wenye kisima na jiwe pana la kufulia. Mmiliki wa mwisho alikuwa mwanamke aliyefanya biashara ya asali na nta. Hakujaliwa mtoto. Alipoona siku zake zinakaribia aliita mashahidi akasema nyumba hii hamwachii mtu, anaitoa wakfu, wakae humo wanawake wasio na pa kwenda. Hakutaka kodi. Alitaka wamsomee dua kila Alhamisi jioni, na yeyote atakayefia humo aoshwe humo humo, kisha atolewe kwa mlango wa mbele.

Hilo la mlango ndilo lililompeleka shangazi pale. Mumewe alipofariki, mashemeji walimvumilia mpaka akamaliza eda, kisha wakamtoa kwa mlango wa uani na furushi lake la nguo, majirani wa mbele wasione. Nilimwambia njoo ukae kwangu, tutabanana tu. Akakataa. "Kwako nitakaa nikiwa hai," aliniambia. "Mimi nafikiria nitakavyotoka."

Nilimwona mwenzake mmoja akitoka, yule bibi wa Urambo aliyekuwa akikohoa kwa sababu ya moshi wa tumbaku aliovuta hewani miaka yote ya kukausha majani ya watu. Walimwosha uani, juu ya lile jiwe, kwa maji ya kisima. Halafu mlango wa mninga ukafunguliwa pande zote mbili, jeneza likapita katikati, na mtaa mzima ukasimama. Shangazi alinibana mkono. "Umeona?" akasema. Nikamwambia nimeona. Alikuwa na furaha usoni, Mungu anisamehe kusema hivyo juu ya msiba, lakini alikuwa na furaha.

Sasa, wakfu una mdhamini, mtu wa kuuangalia. Wa zamani alikuwa mzee mmoja mchamungu, akiezeka paa likivuja, akileta tende mwezi wa Ramadhani. Alipofariki akashika mwanawe. Kijana wa heshima zake, wallahi, sijawahi kuona mtu anayekufukuza kwa adabu kama yule. Siku ya kwanza alikuja na fundi mwenye futi ya kupimia. "Shikamooni bibi zangu." "Marahaba, baba, karibu." Wakampikia chai! Wakampa na michembe, viazi vitamu vya kukaushwa, alivyoletewa mwenzao mmoja, bibi wa Bukene, kutoka kwao, yeye na fundi wake, nao wakala huku wakipima kuta mpaka kiwanja. Nilipopita jioni nikaambiwa nyumba inataka kurekebishwa. Nikauliza, mtu anarekebisha nyumba kwa kupima kiwanja? Shangazi akanikoholea.

Mwezi haukuisha, notisi ikabandikwa mlangoni. Nyumba ni chakavu, hatari kwa wakazi, itavunjwa, yatajengwa maduka, na faida ya maduka itasaidia wajane wengi zaidi. Mahali pengine "patatafutwa." Nilicheka kwa hasira mpaka watu wakageuka. Shangazi aliomba nimsomee tena, taratibu. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu: "Na mlango wataupeleka wapi?"

Nikaenda kwa dada mmoja wa msaada wa kisheria. Tukafungua shauri Baraza la Ardhi, kwa majina ya wale wanawake, tukiomba nyumba isivunjwe. Upande wa mdhamini wakaleta wakili, naye hata hakugusa habari ya kuta wala maduka. Akaweka pingamizi la awali: hawa wamama si wadhamini, si warithi, ni wanufaika tu wa sadaka, kwa hiyo hawana haki ya kumshtaki mtu yeyote juu ya mali hiyo. Yule dada akanieleza kwamba njia ya kupenya ni moja. Waonyeshe kwamba kukaa mle ni haki yao wenyewe, na kwamba haki hiyo ndiyo inayovunjwa. "Mwenyekiti ni mtu mwelewa," akasema. "Atawauliza. Waseme wazi."

Basi nikakaa na shangazi nikamfundisha kama mtoto wa chekechea.

"Ukiulizwa nyumba ni ya nani, sema ni yetu."

"Si yetu."

"Najua si yetu, shangazi! Sema hivyo tu."

"Nisimame mbele ya watu niseme mali ya Mwenyezi Mungu ni yangu? Mwanangu, unanitakia mema kweli?"

"Basi sema mna haki nayo."

"Tumekaribishwa. Aliyekaribishwa anashukuru."

Nilitaka kumtikisa. Nilitaka kulia pia. Nikamwambia, shangazi, kwa neno moja hilo utalala mle mpaka mwisho wako na utatoka kwa mlango unaoutaka. Akaendelea kuchambua mlenda. Nikadhani amenielewa.

Siku ya kusikilizwa walikuja wote wamevaa baibui safi. Wakili akasema yake, dada yetu akasema yake. Kisha mwenyekiti akavua miwani, akamgeukia shangazi kwa kuwa ndiye mkubwa wao. Nakiri yule bwana alikuwa anatutafutia njia, ilionekana hata kwa jinsi alivyouliza.

"Mama, hebu nisaidie. Hii nyumba mnayokaa, ni ya nani?"

Shangazi alinitazama. Nikamkazia macho kwa nguvu zangu zote. Akamrudishia mwenyekiti uso wake mzuri uliotulia.

"Nyumba ya wakfu haina mwenyewe, baba. Ni ya Mwenyezi Mungu. Sisi tumekaribishwa tu."

Wale wenzake wakatikisa vichwa, naam, ndivyo. Wakili aliandika kwa haraka. Mwenyekiti akajaribu tena, "Lakini ninyi mna haki ya kukaa?" Naye shangazi, kwa upole ule ule, "Haki yetu ni kumwombea aliyetukaribisha." Yule dada pembeni yangu akashusha pumzi ndefu.

Uamuzi ulisomwa wiki kadhaa baadaye, kwa sauti ya chini. Walalamikaji wenyewe wamekiri kwamba wanakaa kwa hisani. Mali ya wakfu husimamiwa na kudaiwa na mdhamini wake. Asiyeridhika na mdhamini apeleke malalamiko serikalini, kwa wanaosimamia wadhamini, nao wakiona inafaa ndio watakaofungua shauri. Haya sasa! Nyumba inaliwa na mdhamini, na wa kumshtaki mdhamini ni mdhamini. Nilisema hivyo kwa sauti kule nje, nikaambiwa nishushe sauti. Malalamiko tuliyaandika, tukayapeleka, tukaambiwa yatafanyiwa kazi. Mimi nikawashonea watu nguo za harusi huku nikisubiri, na wao wakazaa na kurudi kushonesha za watoto.

Katapila lilitangulia majibu. Siku moja kabla halijafika, shangazi alifagia chumba chote, akapiga maji sakafu, akafuta na vioo vya dirisha. Nikamwambia, "Wanakuja kukivunja, unakifagilia nini?" Akasema chumba cha watu hakiachwi kichafu. Bibi wa Bukene alipanda treni kurudi kwa ndugu. Wale wawili wengine walichukuliwa na majirani. Shangazi alitoka kwa mlango wa mninga, akaushika ubao wake, akanitania, "Si nilikwambia nitatoka kwa mbele? Ila natembea." Nilicheka naye kwa sababu alitaka nicheke.

Akaja kwangu. Kila Alhamisi jioni alitandika mkeka akamsomea dua yule mwanamke wa asali. Nikamwambia nyumba imekwisha, shangazi, deni gani hili? Akashangaa. "Yeye ametukosea nini?" Nyumba yangu aliiita "kwako," na kila asubuhi aliniuliza kama anaweza kuchota maji. Hilo liliniuma kuliko yote. Kwa habari ya baraza hatukuongea kabisa. Nilikuwa na hasira naye, naye alijua, na tulikuwa tunapendana hivyo hivyo.

Homa ilimkamata mwanzoni mwa masika. Alidhoofu haraka, akawa hatambui watu. Siku ile ilikuwa baada ya adhuhuri, nimekaa naye namkanda miguu, mara akajiinua mwenyewe, akavuta kanga akajifunika kichwa vizuri, akakaa kama mtu aliyeitwa mbele ya wakubwa. Hakunitazama mimi. Alitazama ukutani.

"Mheshimiwa," akasema, "nyumba ni yetu."

Niliachia miguu yake.

"Nyumba ni yetu, baba. Tunakaa kwa haki yetu. Siku ile sikusema."

Sijui alilibeba neno hilo tangu lini. Chumbani hapakuwa na mwenyekiti, wala wakili, wala mtu yeyote isipokuwa mimi na cherehani.

"Imesikika, shangazi," nikamwambia.

"Wameandika?"

"Wameandika."

Akalala. Alasiri ikamkuta ameshaondoka. Alioshwa uani kwangu, juu ya kitanda cha kuazima msikitini, kwa maji ya bomba. Nyumba yangu ina mlango mmoja tu, wa uchochoroni, na ndio tuliomtolea.